Siku Tulipoficha Tawi la Yoramu

Miaka yote niliyofanya kazi Kilosa, majirani zangu wa Magomeni waliamini kwamba mimi ni mtu wa mabomba. Bomba likipasuka, mlango wangu ndio uliogongwa. Nikieleza kwamba kazi yangu ni mto, si bomba, walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyesema kazi yake ni mawingu. Sasa nimestaafu. Zawadi, kijana niliyefanya naye kazi, na wenzake wameniomba niandike niliyoyaona kazini, na nimekubali. Habari za vyeo nitaziacha, maana haziwezi kumsaidia mtu. Nitaandika zaidi habari ya kufuta programu za zamani, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonitisha kuliko zote, na ndiyo ambayo ninyi vijana mnaiona nyepesi.

Nilianza nikiwa binti mdogo, msoma vipimo. Kando ya mto Mkondoa kulikuwa na nguzo ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, ina mistari na namba. Asubuhi na jioni nilishuka pale, nikatazama maji yamefika namba gani, nikaandika, nikapanda. Mengine ya kazi hiyo yalikuwa matope, upupu na mbwa wa watu.

Aliyenifundisha ni Yoramu, Mkaguru wa milimani, mtoto wa shule ya misheni, aliyeimba besi kanisani na hata kazini pale alipodhani hakuna anayemsikia. Siku yangu ya kwanza ukungu ulikuwa mzito na namba hazikuonekana. Nikamuuliza niandike nini.

"Umeziona?" akauliza.

"Sijaziona, kaka Yoramu. Lakini jana ilikuwa mita moja, na mvua haijanyesha. Si itakuwa ileile?"

"Inawezekana. Wewe andika hukuona."

"Ofisini si watasema sikufika?"

"Waache waseme. Mto huu ukiuandikia namba ambayo hukuiona, kuna mtu huko chini ataiamini."

Nilimwona msumbufu. Nikaandika kwamba sikuona, na kweli ofisini walisema sikufika.

Kompyuta ilipoletwa ofisini, wakubwa waliifunika kitambaa cha mezani chenye maua ili isishike vumbi. Yoramu ndiye aliyekuwa anaifunua. Alikuwa ameshaota mvi, lakini alijifunza kuandika programu kwa vitabu vya kuazima na kwa safari za Morogoro, na alichokijua jana alinifundisha leo. Tulikosea pamoja miaka mingi. Mwisho wake tukapata programu tuliyoiita Kina. Kihisi kinaning'inizwa chini ya daraja, kinapima umbali wa maji, kompyuta ndogo ya kituo inatuma kipimo kwa laini ya simu, na maji yakipanda mno king'ora kinalia mjini. Vituo vilitumia umeme wa sola. Adui wake mkubwa hakuwa radi. Alikuwa popo.

Yoramu alikataa kuifungia Kina kabatini. Aliitoa iwe programu huria, yaani mtu yeyote duniani aisome, aitumie, airekebishe. Watu wakaja. Hatukuwahi kuonana nao ana kwa ana. Mmoja alikuwa na mto wake nchi za baridi ambako maji yanaganda, mwingine alikuwa na korongo ambalo lina maji mara chache kwa mwaka. Kila mmoja alichangia kipande chake kwenye ghala letu la mtandaoni, mahali panapotunzwa maandishi yote ya programu.

Hapa nieleze tawi ni nini, kwa ajili ya wale wasio wa fani. Ghala lina shina moja, ambalo ndilo programu inayoaminika. Ukitaka kujaribu wazo, hulichezei shina. Unatoa tawi pembeni, unafanya mambo yako humo, na likifaulu unaliunganisha na shina. Kisha tawi linafutwa. Linapaswa kuishi siku chache tu. Ya kwetu yaliishi miaka. Maghala yenyewe yalikuwa mengi, la vihisi, la ving'ora, la ramani, na kila moja lilikuwa kichaka. Kulikuwa na tawi lililoitwa "jaribu", lingine "jaribu-tena", lingine "jaribu-mwisho", na moja ambalo aliyelipa jina nadhani alikuwa amekata tamaa, kwa sababu liliitwa "basi".

Yoramu alifariki ghafla, juma moja tu baada ya kuniambia kwamba akistaafu atalima vitunguu. Hakukuwa na makabidhiano. Aliacha matawi yenye jina lake katika karibu kila ghala, na mimi nikaacha kuyafungua, maana maelezo yake humo ndani yalikuwa kwa sauti yake kabisa.

*

Fadhili alipoteuliwa kuratibu wachangiaji wa Kina, akiwa Dar es Salaam, jambo lake la kwanza lilikuwa usafi. Nisimsingizie, alikuwa na hoja. Mchangiaji mmoja mgeni alikuwa amechukua tawi bovu la zamani akidhani ndilo jipya, akaliweka kwenye mto wa kwao, na king'ora kikalia siku nzima juani bila tone la maji. Mwingine alitumia wiki kurekebisha kosa ambalo shina lilisharekebisha zamani. Takataka zina madhara yake.

Tukakutana kwa video. Mimi nilikuwa Kilosa, kwenye chumba chetu nyuma ya duka la fundi cherehani. Zawadi alikuwa Mikumi, ambako tulikuwa na chumba kingine kando ya barabara kuu, na kila lori likipita sauti yake inapotea.

"Shikamoo mama," akasema Fadhili. "Nina pendekezo rahisi. Tawi lolote ambalo halijaguswa mwaka mzima, tunalifuta. Nimeshaandika programu ya kufanya hivyo. Ni kubonyeza tu."

"Marahaba mwanangu. Na kama kuna mtu analitumia?"

"Halijaguswa mwaka mzima, mama."

"Kutoliandikia si sawa na kutolitumia. Kisima hukichimbi kila siku, lakini maji unachota."

Zawadi akaingilia. "Mama yuko sahihi. Vituo vinachukua programu kutoka ghalani kila saa. Vinasoma tu, havituachii alama yoyote. Hatuwezi kujua kituo gani kinasoma tawi gani."

"Vituo vyote vinasoma shina," akasema Fadhili. "Mwongozo unasema hivyo."

Mwongozo ulisema hivyo, ni kweli. Niliuandika mimi na Yoramu. Lakini nilimjua Yoramu. Alikuwa mtu wa kupanda mlimani na bisibisi, akakuta kihisi hakielewani na programu, akatengeneza hapohapo kwa namna yake ili mto usikose macho usiku ule, akiahidi kulinyoosha baadaye. Baadaye yake nyingine haikufika.

Nikapendekeza njia ya tahadhari. Tusifute. Tuyafiche kwanza, yaani tubadilishe majina ya matawi yote ya zamani, ili anayeliita tawi kwa jina lake la zamani alikose. Kisha tukae tusikilize nani atalia. Akilia, tunarudisha kwa dakika chache. Asipolia, baada ya wiki tunafuta. Tukapanga kufanya hivyo mwishoni mwa kiangazi, mito ikiwa imelala, mvua za vuli bado. Wote wakaridhika. Mimi pia nilikubali, ingawa wasiwasi haukuniisha. 

*

Asubuhi hiyo jua la Kilosa liliwaka mapema. Zawadi aliyaficha matawi kutoka Mikumi, akinisomea jina moja moja kwa simu. Alipofika kwa yale ya Yoramu nikamwambia asome taratibu. Kisha kazi ikawa kukaa.

Hakuna aliyetuambia kwamba kusubiri kilio ni kazi mbaya hivyo. Kila simu iliyoita ilinirusha kwenye kiti. Ilikuwa ama mtu wa bomba, ama dada yangu wa Ruaha kunisimulia habari za miwa. Kompyuta ilionyesha vituo vyote vikiwa na rangi ya kijani. Fadhili alituma ujumbe kila baada ya muda: "Kimya. Safi." Na mimi neno kimya lilinisumbua kila nikilisoma, nisijue kwa nini.

Jua lilipokuwa utosini nikagundua kwa nini.

Kituo cha juu kabisa, kule milimani ambako reli inafuatana na mto, kilionyesha mstari wa kipimo. Mstari ulikuwa umenyooka. Nikakaza macho. Mto haunyooki. Hata ukiwa umelala kiangazi, upepo unausugua, ng'ombe wanaingia, jani linapita chini ya kihisi, na mstari unatetemeka kidogo muda wote. Huu wa kituo cha juu ulikuwa kama umepigwa kwa rula, tangu muda uleule tulipoficha matawi. Rangi ilikuwa ya kijani. Kompyuta yetu ilikuwa inaonyesha kipimo cha mwisho ilichopokea, na ingeendelea kukionyesha mpaka mwisho wa dunia, bila kusema kwamba hakuna kingine kilichofika.

Nikampigia Mzee Elia, mkulima wa kule juu aliyekitunza kituo chetu, akifuta sola na kufukuza popo. Mara ya kwanza haikuita. Mara ya pili ikaita, akapokea, sauti yake inakatikakatika.

"Shikamoo mzee. Ni mimi wa Kilosa. Mto ukoje?"

"Marahaba… mvua… tangu alfajiri, mama, haijawahi… lile shamba la chini lote…"

"Maji yamefika wapi, mzee?"

"…nilidhani mmeshaona. Si mashine yenu…"

Ikakata. Nikapiga tena na tena. Yule dada wa kwenye mtandao akaniambia kila mara kwamba simu ninayopiga haipatikani.

 Nilikwenda mlangoni. Nje fundi cherehani alikuwa anacheka na mteja, jua kali, anga la bluu kabisa. Na mimi nilijua kwamba huko juu kuna maji yanayokuja, sijui mengi kiasi gani, sijui yametoka saa ngapi, sijui yamefika wapi. Mto mzima ulikuwa gizani na sisi ndio tuliozima taa. Nikampigia Zawadi.

"Zawadi, rudisha tawi la Yoramu. La vihisi. Sasa hivi."

"Kuna nini, mama?"

"Rudisha kwanza."

Nikasikia vidole vyake, halafu lori, halafu vidole tena. "Limerudi. Lakini mama, kituo hakitajua mpaka saa yake ya kuuliza tena ifike. Na kama kimezimika kabisa…"

"Najua."

"Mama, tufanyeje?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Tulikuwa na swichi ya mkono ya king'ora. Nilikuwa sijawahi kuigusa isipokuwa siku za majaribio, ambazo watu walitangaziwa. Nilifikiria yule mchangiaji mgeni aliyepigia watu king'ora juani. Nilifikiria kwamba nikikipiga bure, siku ya kweli hakuna atakayeinua kichwa. Nikafikiria pia Mzee Elia akisema alidhani tumeshaona. Nikabonyeza.

Kikalia mji mzima. Nikatoka mbio, na nilichokiona kilinitia hofu kuliko king'ora chenyewe. Watu walisimama, wakatazama juu, wakaona anga safi, wakaendelea na shughuli zao. Fundi cherehani akaniuliza, "Mama, leo mnafanya majaribio?"

"Si majaribio! Maji yanakuja!"

"Mvua iko wapi?"

Nikamwomba aache maswali, apige simu kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa kila anayemjua aliye bondeni. Yule baba Mungu ambariki, aliacha suruali ya mtu kwenye cherehani akaanza kupiga. Mimi nikapanda bodaboda mpaka mtoni.

*

Mkondoa ulikuwa mchanga mtupu na ukanda mwembamba wa maji katikati. Wanawake wawili waliokuwa wakifua waliniona nikija nikipunga mikono, wakaokota nguo zao bila kuuliza, labda kwa sababu mtu mzima wa umri wangu hakimbii hovyo. Lakini mbele yao, katikati ya mto, kulikuwa na kundi la ng'ombe wakinywa, na mzee Saiguran amesimama na fimbo yake. Nilimfahamu kwa sura tu; jina nililijua baadaye. Ni mmoja wa wafugaji wanaoshuka kutoka mbugani kutafuta maji kiangazi kikikaza.

Kilosa huwezi kumwamuru mzee aondoke mahali kabla ya kumwamkia, hata kama mauti yako njiani.

"Shikamoo baba," nikasema nikihema.

"Marahaba mama. Habari za mjini? Mbona mashine yenu inalia?"

"Baba, toa ng'ombe mtoni. Maji yanakuja kutoka milimani."

Akageuka akatazama juu ya mto, taratibu. Hakukuwa na kitu. Akanirudia mimi.

"Umeyaona wewe?"

"Sijayaona."

"Nani ameyaona?"

"Kuna mzee kule juu anasema mvua kubwa inanyesha tangu alfajiri. Simu ikakatika. Mashine yetu ya kule haioni tangu asubuhi."

"Kwa hiyo hujui kama yanakuja, wala lini, wala mengi kiasi gani."

"Sijui, baba."

"Unaniambia niwatoe ng'ombe hawajashiba maji, kwa sababu hujui."

"Ndiyo. Naomba uwatoe kwa sababu sijui."

Saiguran alinitazama usoni. Kisha akapiga mluzi, mkali, na kusema neno kwa lugha yake, na ng'ombe wakaanza kugeuka mmoja mmoja, wakilalamika. Nikapumua. Lakini yeye hakuondoka. Alikuwa anatazama ng'ambo.

"Mke wa mwanangu yuko kule," akasema. "Na ndama."

Nikamwona. Binti mwembamba mwenye shuka la zambarau, mbali kidogo chini ya mto, juu ya tuta la mchanga lenye matete, na ndama wamemzunguka. Saiguran akamwita. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kuja kwetu. Hakusikia. Akaita tena, sauti ikapasuka.

Ndipo nikasikia mlio. Watu husema maji ya mafuriko yananguruma. Sikusikia ngurumo. Nilisikia mkwaruzo, kama gunia kubwa linaburutwa sakafuni chumba cha pili. Nikatazama ule ukanda wa maji miguuni pangu na ulikuwa umebadilika rangi. Ulikuwa umebeba majani mabichi, majani ya mahindi na vijiti, na povu la kahawia.

"Baba, panda!" nikapiga kelele. Akashuka badala ya kupanda. Mzee wa umri ule alikimbia kwenye mchanga kuelekea kwa yule binti, akirusha fimbo hewani ili aone. Na binti akaona. Badala ya kukimbia akaanza kuwakusanya ndama.

"Waache!" nikapiga kelele mimi, kama vile sauti yangu ingefika wakati ya mkwewe haikufika. "Waache!"

Maji yaligeuka kona ya mto. Hayakuwa marefu kama nilivyoogopa. Yalifika magotini tu mwanzoni, lakini yalikuja na magogo, na kila pumzi yaliongezeka. Binti akaachia ndama. Akavuka akishikilia shuka lake juu, maji yakafika kiunoni, akayumba, akapotea mpaka mabega. Nikafumba macho. Nimeona aibu miaka hii yote kwamba nilifumba macho, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilishindwa kutazama. Nilipofumbua, Saiguran alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo, fimbo ameinyoosha mbele, na binti ameishika ncha kwa mikono miwili. Wale wanawake wa kufua walikuwa wameshamshika mzee miguu. Nikaenda nikashika nilipopata pa kushika.

Tulimtoa. Alitapika maji, akakaa, akaanza kulia kwa ajili ya ndama, mmoja akimtaja kwa jina. Nyuma yetu pale tulipokuwa tumesimama na kuamkiana palikuwa mto.

Maji yaliingia kwenye nyumba za chini za Magomeni mpaka vitandani. Kuku walikufa, vyakula viliharibika, ukuta wa jirani yangu ulianguka. Mtu hakufa. Niliuliza nyumba kwa nyumba mpaka jioni kwa sababu nilikuwa siamini, na kila aliyeniambia "tuko wote" nilimwomba awahesabu tena mbele yangu.

*

Baada ya siku chache mimi na Zawadi tulipanda kwa Mzee Elia. Tulikuta jambo ni kama nilivyohofia. Kihisi cha kituo kile kilikuwa cha aina nyingine kabisa, kisichoelewana na shina, na Yoramu alikiandikia maelekezo yake kwenye tawi lake, akakiambia kituo kisome hilo. Kilisoma miaka yote bila kukosea. Siku tuliyoficha tawi kikauliza, kikajibiwa halipo, kikasimama na kusubiri kwa adabu.

Zawadi alisoma maelezo ya Yoramu kwa sauti, amekaa kwenye jiwe na kompyuta mapajani. Yoramu aliandika humo: "Hii ni ya muda. Kihisi kipya kikija nitahamishia kwenye shina." Zawadi alifunga kompyuta. Kisha akauliza, "Mama, mimi nimeandika mara ngapi neno la muda?"

Hatukumlaumu marehemu. Fadhili naye alipanda basi kutoka Dar akaja kuuona mto, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, na alipooneshwa alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba moja ya Magomeni aliinama akaigusa kwa kidole. Kazi ya kwanza aliyoifanya baadaye ilikuwa kuifundisha kompyuta ionyeshe nyeusi, si kijani, kituo kisipotuma kitu. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Hata huko nchi za baridi waliichukua rangi ile nyeusi.

Saiguran alikuja ofisini siku moja, akaketi kwenye kiti cha mteja cha fundi cherehani akaningoja. Nilijiandaa kusikia habari za ndama wake. Nilikuwa na pole yangu tayari.

"Mama," akasema, "watu wengi wa ofisi wamewahi kuniambia nitoe ng'ombe. Wa hifadhi, wa mashamba, wa wilaya. Wote walikuwa wanajua. Wewe ndiye wa kwanza kusema hujui. Nikasema, huyu anaogopa kweli."

"Niliogopa, baba."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba namba yangu ya simu, akaiandika kwa taabu, akaondoka.

Usafi ulibidi uendelee, maana hoja ya Fadhili ilikuwa bado ni ya kweli. Lakini tuliufanya kwa miguu. Kila tawi la zamani lilipewa mtu wa kulitafutia mwenyewe. Wachangiaji wa nje waliulizana kwa barua pepe, na sisi tulizunguka mito yetu yote, tukifungua sanduku la kila kituo na kutazama kinasoma nini. Tulikuta nyoka, mizinga ya nyuki, na betri iliyokuwa imehamia kwenye redio ya mtu. Vituo vingine viwili pia vilisoma matawi ambayo Fadhili angeyafuta kwa kubonyeza. Tuliunganisha yaliyofaa kwenye shina. Yaliyobaki tulifuta moja moja, mchana, na mtu amesimama mtoni na simu sikioni. Tawi la Yoramu, baada ya kuunganishwa na shina, nililifuta mwenyewe. Nilimwomba Zawadi atoke nje kwanza.

Wiki yangu ya mwisho kazini lilibaki tawi moja tu ambalo hakuna aliyelijua. Lilikuwa na jina la kijito cha upande wa Masanze. Zawadi alikuwa amekuja Kilosa kwa ajili ya kuniaga, na aliketi kwenye kiti changu kana kwamba amekizoea.

"Nimepiga simu Masanze, mama. Mtendaji anasema hawana mashine yoyote. Nilifute?"

 Nilikuwa nafunga vikombe vyangu kwenye magazeti. Akakaa kidogo, akatazama kompyuta, akanitazama mimi. Kisha akachukua mkoba wake na kofia, akaenda kutafuta bodaboda.

Alinipigia alasiri. Alisema ametembea kando ya kijito chote akiongozwa na mama mmoja muuza mahindi. Wamekuta mlingoti mtupu, hauna sanduku, hauna waya, umefungiwa kamba ya kuanikia nguo. Ameuliza nyumba tatu zilizo karibu. Ameingia mpaka kwenye maji.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Nimelifuta sasa hivi, nikiwa nimesimama hapahapa."  Nilisikia kijito nyuma yake. "Mama, hakuna kitu hapa, nimeona kwa macho yangu. Lakini mikono inanitetemeka."

"Inatetemeka sana?"

"Sana."

"Basi vizuri," nikamwambia, nikaendelea kufunga vikombe vyangu.